Maneno ya Kumwambia Aliyelala

Pale hospitali ya chuo kikuu kila mtu alimjua Mama Sauti, ila kwa sura walimjua wachache. Alikaa kwenye kijichumba cha vioo nyuma ya mapokezi, mbele yake simu na kipaza sauti, akiita madaktari, wabeba machela na ndugu wa wagonjwa. Na sauti yenyewe, jamani, ilikuwa na uvivu fulani mtamu. Ikitoka kwenye spika za korido, hata mwenye haraka alipunguza mwendo bila kujijua. Siku za joto mabenchi ya kliniki yaliishia kusinzia, na mlinzi wa getini alimpigia simu kumtania: "Mama, ita kwa ukali kidogo, foleni nzima imelala, nitamruhusu nani apite?"

Profesa wa upasuaji ndiye aliyemwongezea kazi ya pili. Huyo alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kutembea akiangalia dari, na alikuwa na swali lililomkosesha raha. Mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, tumbo limefunguliwa, je, huko alikozama anasikia? Na akiambiwa maneno mema, ataamka na maumivu yaliyopungua? Akapanga utafiti: wagonjwa watakaokubali wangevishwa spika ndogo masikioni. Nusu wangesikia sauti ya Mama Sauti, nusu wangepata kimya kitupu. Kompyuta ndiyo ingegawa. Mpasuaji asijue, nesi asijue, Profesa mwenyewe asijue, mpaka utafiti uishe. Kisha damu ya kila mmoja ingepelekwa maabara kupimwa ni kiasi gani mwili ulihangaika.

Walimrekodi humo humo maabara, chumba cha mwisho kwenye korido ya utafiti. Friji za kutunzia damu zilinguruma mfululizo, na kuzizima haikuwezekana. Basi mumewe, ambaye ni fundi magodoro, akaleta vipande vya sponji akambandikia kibanda kizima kwenye kona. Mama Sauti akaingia, akaketi kwenye joto na harufu ya sponji mpya, akasema pole pole: "Uko salama. Wanaokushughulikia wanajua kazi yao. Pumua. Mwili wako unajua njia ya kurudi. Ukiamka, utaamka taratibu."

Tangu siku hiyo akawa anaota akiwa macho. Anakunywa chai, anakumbuka kwamba ghorofa ya pili kuna mtu amelala chini ya taa kubwa, na yeye yuko pale anaongea naye. Anakata kucha jioni kibarazani, huku yuko pia ndani ya sikio la mwalimu fulani, au dereva, au bibi wa watu asiyemjua. Siku moja aliuliza bei ya sabuni dukani, mwanamke aliyekuwa mbele yake akageuka ghafla, akamtazama, akaanza kulia. "Samahani, dada," mwanamke akasema akijifuta, "hata sijui nalia nini. Nimejisikia vizuri tu." Mama Sauti hakumuuliza kama aliwahi kupasuliwa. Aliona haya, akalipa, akaenda zake.

Halafu mumewe akapata mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Alijikaza kisabuni wiki nzima, mpaka siku alipokunjamana sakafuni kati ya magodoro yake, jasho linamtiririka. Daktari akasema mfuko utolewe upesi, ukipasuka ndani kazi itakuwa ya kufa na kupona. Mume akakataa katakata. Kaka yake mkubwa aliwahi kupewa dawa ya usingizi kwa jambo dogo tu, hakuamka. "Maumivu nitavumilia," alisema. "Kulala ndiyo siwezi."

"Fundi magodoro mzima unaogopa kulala?" akaropoka shemeji mtu, mdogo wake Mama Sauti, aliyekuja kumjulia hali. Mgonjwa hakucheka.

Mama Sauti akamshika mkono. Maneno yakamtoka kabla hajayapima: "Utaingia kwenye ule utafiti wa Profesa. Nitakuwepo sikioni mwako toka mwanzo hadi mwisho. Nakuahidi." Mume akautazama ule mkono, kisha akasema, "Haya, kama utakuwepo, nitaingia."

Ahadi hewa, na alilijua hilo vizuri. Kesho yake alimfuata yule daktari kijana aliyewasimamia wagonjwa wa utafiti, akambembeleza kule kwenye ngazi. "Mwanangu, mpe spika yenye sauti. Huyu ni mume wangu."

"Mama, hata mimi sijui ipi ina sauti," daktari akamjibu kwa upole. "Na ningejua nisingeweza. Hiyo damu yote tuliyopima ingekuwa ya kumwaga."

Asubuhi ya upasuaji alikataa kukaa nyumbani. Alikaa kwenye vioo vyake akaita watu kama kawaida, lakini kila alipozima kipaza sauti midomo iliendelea: uko salama, pumua, mwili wako unajua njia. Korido ilionekana ndefu kuliko siku zote, watu wanapita nje ya kioo kama wako chini ya maji. Ilimjia picha ya mumewe akitembea peke yake kwenye nyumba kubwa isiyo na sauti, anafungua chumba baada ya chumba, anamtafuta. Aliogopa mno. Alijichukia kwa ile ahadi.

Walipomwita, alikwenda nusu anakimbia. Mume alikuwa amelala ubavu, uso umesawajika, lakini macho yamefunguka.

"Ulinisikia?" Mama Sauti akanong'ona.

"Nilikusikia."

"Nilisema nini?"

Akafumba macho kidogo. "Uliniambia nivute shuka, miguu iko nje. Halafu ukaniuliza kama nimefunga mlango."

Kwenye ile rekodi hakukuwa na shuka wala mlango. Basi alipata kimya, Mama Sauti akawaza. Alimpeleka mumewe kwenye kimya kile kwa uongo, na sasa alikuwa anashukuriwa kwa maneno ambayo hakuyasema. Hakuweza kunyamaza. "Nilikudanganya, baba watoto. Hakuna aliyejua utawekewa nini. Nilikuahidi tu ili ukubali."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Daktari yule kijana alinieleza kabla sijatia sahihi. Si kila mgonjwa anaelezwa? Akasema huenda nikapata kimya."

Miezi yote ile aliyokuwa masikioni mwa watu, Mama Sauti hakuwahi kujiuliza wao waliambiwa nini kabla ya kulala. "Sasa mbona uliingia?" akauliza. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unatetemeka, mke wangu. Umenishika mkono unaniahidi, na mkono wenyewe unatetemeka kuliko wangu. Ningekwambia najua, nani angekutuliza?"

Midomo yake ilikuwa imekauka. Maji alikuwa bado hajaruhusiwa, kwa hiyo mkewe alilowesha pamba akampangusa, mkono ukimtetemeka vile vile, na hakujaribu kuuficha.