Mafuta Meupe ya Mama

Mawese yakiungua hutoa moshi unaouma macho kabla haujafika puani. Ndiyo harufu ya utoto wangu, na wala siipendi. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Bangwe, mjini Kigoma, mama, mdogo wangu Yona na mimi, Konso, baada ya kukimbia vita Burundi na kumwacha baba mahali ambapo mpaka leo hakuna aliyetuonyesha. Kila Jumamosi mama aliinjika sufuria, akamimina mawese mekundu, akafunika na kuchochea kuni mpaka moshi mzito ukatoka pembeni mwa mfuniko. Yakishapoa alifunua, na ule wekundu ulikuwa umekwisha, yamebaki mafuta ya rangi hafifu, karibu meupe. Aliyatia kwenye chupa, akaielekeza mlangoni penye mwanga, na uso wake uliokuwa umekunjamana wiki nzima ukalainika kidogo.

Kuunguza mawese si jambo geni Kigoma. Wengi huyaunguza kidogo kupunguza harufu. Mama yeye alipitiliza. Kabla ya vita aliwahi kufanya kazi za nyumbani kwa karani mmoja, akajifunza huko kwamba watu wa maana hula mafuta meupe. Tulikuwa tumepoteza nyumba, shamba na baba, naye akaamua kwamba hili moja hatalipoteza. Mafuta yenyewe aliyapata kwa Mama Zaina, mwanamke wa Ujiji mwenye asili ya Kongo, aliyekuwa akichemsha na kukamua chikichi uani kwake. Mama alimtwangia chikichi siku nzima, jioni akapewa chupa yake. Mama Zaina hakuacha kumtania. "Wewe Mama Konso, mafuta yangu unayageuza maji." Mama alicheka mdomo tu. Mboga za majani nazo alizipiga marufuku. Majani ndiyo tuliyokula porini tukikimbia, na aliapa kwamba wanawe hawatayala tena. Basi tulikula ugali wa muhogo na maharage ya mafuta meupe, tukajiona tumestaarabika.

Kisha Yona akaugua surua. Alikuwa na miaka minne. Ilimwacha hai, lakini amekonda mbavu zikihesabika, na tukamshukuru Mungu mapema mno. Siku chache baadaye akaanza kuganda mlangoni kila jua likizama, hataki kutoka wala kuingia. Mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye hasira za mtu mzima, nilimwona mvivu. Jioni moja nilimtuma kata ya maji, akaukumba mtungi ukapasuka, nami nikamzaba kofi. Hakulia. Aliniuliza tu, "Konso, mbona mmezima taa?" Hatukuwa tumewasha taa yoyote. Nje ziwa lilikuwa bado linang'aa, na wavuvi walikuwa wanakunja nyavu zao, nawaona mmoja mmoja. Kofi lile bado liko mkononi mwangu.

Tangu siku hiyo mama alimsimamisha Yona mlangoni kila jioni, akainua vidole na kumwuliza ni vingapi. Mwanzoni aliotea akapatia, na mama akajipa moyo. Halafu ikaja jioni aliyosema "vitatu" kwa sauti ya mtoto anayetaka kumfurahisha mama yake, na mama alikuwa ameinua ngumi, bila hata kidole kimoja. Nilimwona akiushusha mkono taratibu. "Ndiyo, mwana wanje," akamwambia kwa Kirundi chetu, yaani mwanangu, "ni vitatu." Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, si wakati wa risasi, si wakati wa kuvuka mpaka.

Asubuhi tulikwenda zahanati, Yona mgongoni kwa mama. Muuguzi alimmulika macho kwa tochi, akarudia tena jicho la kushoto, lililokuwa limeanza kufanya ukungu. Vidonge vya vitamini vilikuwa vimekwisha. Tulitakiwa kurudi baada ya siku tatu. Akauliza mtoto anakula nini. Mama, ambaye hakutaka kudhaniwa mzembe, alijibu kwa fahari kwamba mafuta anampa kila siku, tena anayaunguza mpaka yanakuwa meupe kabisa. Muuguzi alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimwumiza mama kuliko tusi. "Mama, ule wekundu ndio chakula cha macho. Ndio unaoulinda mwili wake. Wewe umekuwa ukiuchoma." Mama hakulia. Aliuliza swali moja: "Sasa ule niliouchoma, haurudi?"

Tulipitia kwa Mama Zaina. Mama alipiga magoti kwenye makumbi ya chikichi, akaomba mafuta mabichi, na Mama Zaina, bila utani safari hii, akamchotea moja kwa moja kutoka chunguni, akaongeza fungu la matembele. Siku tatu zile mama alimlisha Yona majani aliyoyaapia, yakielea kwenye mafuta mekundu, akimshika taya anapotema. Mimi nilimwahidi Mungu kwamba nyama yangu yote itakuwa ya Yona maisha yangu yote, ahadi rahisi, kwa kuwa nyama hatukuwa nayo. Siku ya nne vidonge vikapatikana. Jicho la kulia likarudi. La kushoto likafunga.

Siku hizi marafiki zangu mjini hununua mawese mekundu katika chupa ndogo za kupendeza, wakaniambia kwamba rangi ile huzuia mwili kuchakaa, nile na mchicha, karoti na papai. Kweli wanasema. Mimi huwasikiliza tu, maana nikifungua mdomo nitawaharibia chakula. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wahenga hao hawakumjua mama. Yona sasa ni fundi seremala, ana watoto, na tunapokutana Bangwe mama hupika matembele kwa mafuta mekundu kama damu, humpakulia yeye kwanza, kisha huketi upande wake wa kushoto, upande wa jicho lililofunga, apate kumtazama akila bila kuonekana. Miaka yote nilidhani Yona hajui. Safari iliyopita nilimwuliza. "Najua," akasema. "Mimi ndiye ninayemwachia nafasi upande huo."