Neno Kifuani mwa Mukaka

Harufu ya belo la mitumba likifunguliwa, ile ya nguo zilizobanwa muda mrefu pamoja na dawa ya nondo, hunirudisha mtaani kwetu Vulamba, mjini Butembo, hadi leo. Baridi ya huko haina mzaha. Mukaka, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu mzaa baba, alijinunulia kutoka belo kama hilo sweta ya buluu yenye herufi nyeupe kifuani. Hakujua kusoma. Aliipenda tu kwa kuwa ilimfunika kiuno.

Kazi yake ilikuwa kuogesha watoto wachanga wa mtaa mzima. Alijua majani ya kuchemsha, alijua kunyoosha viungo, na kitovu kilichokataa kukauka kilimtii yeye. Wazazi walimwita kabla ya kumwita padri, jambo ambalo padri hakulifurahia.

Basi binti wa jirani, aliyesoma Uganda, akaja likizo, akamkuta Mukaka bombani, akaisoma ile sweta kwa sauti: wizard.

“Mukaka, unajua banaandika nini? Banaandika mulozi, muchawi!”

Alicheka, na sisi watoto tukacheka. Wanawake waliokuwa wakisubiri maji hawakucheka. Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Mukaka kuogesha mtoto.

Baba alikasirika, akamleta mwalimu wa Kiingereza uani kwetu, majirani wakaitwa wasikie.

“Mais non, hapana, bamama! Zamani ile neno ilikuwa ya mutu wa hekima. Kisha batu bakaanza kumuogopa, donc neno ikageuka. Hata leo, mutu mwenye kujua kazi yake muzuri sana, Bangereza banamuita vile.”

Wanawake waliitikia kwa vichwa. Mama, mwenye mimba kubwa, alipiga makofi. Mukaka alimpikia mwalimu kuku.

Mdogo wangu alipozaliwa, Mukaka alichemsha majani, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda kungoja. Mama akamwita mwanamke mwingine.

Iliniuma. Nilidhani Mama hakumwelewa mwalimu. Nilikuja kutambua nikiwa nimempakata mtoto wangu mwenyewe kwamba alimwelewa vizuri kabisa: mwenye hekima na anayeogopwa ni mtu yuleyule. Waingereza walihitaji vizazi vingi kulitoa neno lao kwenye hekima na kulifikisha kwenye ulozi. Mama alihitaji tu kuwa na mtoto mikononi.