Mnada wa Masinia ya Bibi

Chumba cha uani cha bibi yangu, hapa Ujiji, kilikuwa na tumbo la mamba. Kilimeza masinia, mabakuli, mabeseni yaliyotoboka na kitanda kisicho na kamba, na hakikutema hata kijiko. Ukiingia humo kwa bismillahi, unatoka na utando wa buibui kichwani kama bibi harusi.

Asubuhi moja ya likizo habari zikaja kutoka bandarini. Binti wa marehemu dada mdogo wa Bibi ameshuka na wanawe, wamekimbia vita ng'ambo ya ziwa. Miaka hiyo boti zilileta watu kila siku, na nyumba nyingi za hapa zina damu yao kule.

Bibi akashika kiuno mlangoni pa chumba. "Ikifika alasiri nataka kuona mkeka hapa. Mwanangu ataingia kama mwenye nyumba. Hatabanwa kwenye makorokoro kama gunia la mihogo."

Basi tukayamwaga yote mbele ya baraza tuyauze. Mimi nikapewa unadi, maana Bibi anasema nilitangulia kuzaliwa mdomo, mwili ukafuata.

"Haya wateja! Beseni hili limetoboka kidogo, linamfaa anayeoga haraka! Sinia hili limelisha harusi na talaka zake!"

Mzee mmoja aliyeleta mawese kutoka Simbo alicheka mpaka akanunua kile kitanda. Nikavimba kichwa. Hapo ndipo jirani yetu, muuza dagaa, alipookota sinia kubwa akaligeuza.

Mtaani kwetu vyombo huazimana kwa kila shughuli, iwe maulidi, harusi au matanga. Kwa hiyo kila nyumba ina alama yake ya rangi chini ya sinia, ili chombo kijue njia ya kurudi. Ya Bibi ni duara la buluu. Sisi tulikuwa tumesugua upande wa juu tu, ule unaong'aa. Kugeuza hatukugeuza.

"Shikamoo, mama," jirani akamwamkia Bibi kwa utamu wa kutisha. "Nukta mbili nyekundu. Naona unaniuzia sinia langu."

Nikajiziba mdomo kwa mkono, jambo ambalo walimu wangu wanaliombea dua kila siku. Kichwani nilishawaona watu wakimpokea mgeni wetu kwa maneno: mama yako mkubwa huyo ananadi vyombo vya watu!

Bibi hata hakupepesa macho. "Marahaba. Nakuuzia au nakuonyesha? Tangu harusi ya binti yako nimelitunza, halina hata mkwaruzo. Sasa nenda kwako, geuza vya kwako, uniletee duara langu la buluu."

Kicheko kilianzia kwa jirani mwenyewe, kwa sababu mtaa mzima hakuna aliyekuwa na mikono safi. Wanawake wakageuza kila kitu, wakabeba vyao, wakaenda makwao na kurudi na mabuluu ya Bibi.

"Jamani," nikapiga kelele, "mnada gani huu, wateja ndio wanaleta mali!"

Alasiri mgeni akafika na wanawe, kifurushi kimoja na birika lisilo na kifuniko. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiwa, mkeka umetandikwa. Ila alipoona rundo la masinia barazani, alisimama ghafla. "Mama mkubwa, kuna kilio hapa?"

"Kuna wewe," Bibi akasema, akamkumbatia. Kisha akachambua masinia mazuri kuliko yote na mabakuli yake. "Haya yako."

"Mama, miye mkimbizi. Nitayafanyia nini?"

Bibi akanigeukia. "Wewe mdomo, lete rangi. Mama yako mdogo anataka alama."

Mgeni akafikiri kidogo. Akataka mistari miwili ya njano, kama waliyokuwa nayo kwao. Nikaipaka juu ya buluu, mkono huu huu uliozoea kuwachora walimu wenye masikio ya punda. Sijawahi kunyoosha mstari vile.

Rangi haijakauka, muuza dagaa akabisha hodi. Ana maulidi kesho, anaomba sinia.

"Muombe mwenyewe," Bibi akasema. "Ana yake."

Mama mdogo akakaza kanga kiunoni, akagusa rangi kwa ncha ya kidole. "Bado mbichi. Pita asubuhi ulichukue," akasema. "Lakini ulirudishe."