Zaka ya Mama

Msikiti wetu wa Nchelenge ni mdogo, kwa hiyo tajiri na fukara hugusana mabega hata wasipotaka. Mwenye mashua za injini alikuja Ijumaa tu, ananukia marashi. Mama yangu, mjane anayeanika chisense, wale dagaa wetu wa Ziwa Mweru, hakukosa swala hata moja nyuma ya pazia. Siku za kazi tuliojaa mle tulikuwa sisi wenye njaa. Sikuona ajabu, wala leo sioni.

Baba alipokuwa hai, mambo ya zaka yalikuwa yake. Mama alisilimu alipoolewa. Kanisani alikolelewa, huko Kongo, zaka ni fungu la kumi, na kila mtu hutoa, hata asiye na kitu. Neno ni lilelile. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu maskini hupokea.

Ramadhani ya kwanza bila baba, alipima bakuli kumi za dagaa wakavu, akatenga moja iliyofurika. Akavaa mtandio wake mzuri. Nilimfuata tu, kama nilivyofuata kila kitu tangu msiba.

Mwenye mashua, ndiye mtunza mali ya msikiti, alikuwa mlangoni. Aliitazama bakuli akacheka, bila ubaya.

“Mama, weye uko mu liste ya maskini. Mutu maskini hatoshake zaka. Rudisha hii samaki ku nyumba.”

“Hata mujane anatoshaka,” mama akasema. Kutosha, kwa Kiswahili cha huku, ni kutoa.

“Kwetu hapana. Beba hii bunga.”

Akampa mfuko wa unga. Watu walikuwa wanatazama. Mama alishukuru kwa sauti ndogo, nami nikaubeba ule mfuko begani. Nilipaswa kuona hasira, au walau haya. Sikuona chochote. Unga wenyewe ulikuwa mzuri, tukaula mpaka sikukuu.

Ila mama hakuwagusa dagaa wa bakuli ile. Nilidhani amewasahau.

Jumapili moja kabla ya adhuhuri nilimkuta uani anatawadha, bakuli tupu kando yake. Jirani alikuwa ameniambia kamwona kanisani kwa wakimbizi wa Kongo. Nikamuuliza kama amerudia Ukristo.

“Hapana, mutoto wangu,” akasema, akiendelea kunawa miguu. “Ila kule balipokea.”