Shimo la Babai la Baba Yake Bwereti

Bwereti ana mdomo, na hilo nalisema nikiwa shemeji yake. Tulipokaa kwenye mwaneaba, ukumbi wa kijiji, kupanga sikukuu ya vyakula vya wazee wetu, hasa babai, magimbi makubwa tunayolima mashimoni, kila ukoo ulitaja utakacholeta. Zamu yake ilipofika akasimama, akajipiga kifua.

"Babai niachieni mimi! Shimo la marehemu baba mnalijua. Nitaleta gimbi la kubebwa na wanaume wawili. Nyie wengine kaeni na mchele wenu wa dukani."

"Na wageni wa kisiwa cha pili watatosheka?" akauliza Nei Taabia, mama anayeongoza maandalizi.

"Watakula mpaka wavimbe, mama."

Basi ikaamuliwa koo nyingine zisichimbe babai zao. Dada yangu, mke wa Bwereti, aliinamisha kichwa. Yeye ndiye anayempikia huo mchele kila siku.

Tangu mzee afe, Bwereti hakuwahi kushuka shimoni. Kesho yake alishuka, akatoka na vibabai vya ukubwa wa ngumi. Babai hulishwa majani yaliyokatwakatwa na udongo mweusi, na majani gani, kwa kipimo gani, ni siri ya ukoo. Baba humpa mwanawe. Kumuuliza mtu siri hiyo ni kama kumwomba nguo aliyoivaa.

Akanijia uso umemshuka. "Shemeji, nisindikize kwa Tiaeke."

Tiaeke ni jirani, mtu wa maneno machache, ambaye Bwereti humwita mla mchele mbele za watu. Kwetu ombi la jirani halikataliwi, na Bwereti alilijua hilo vizuri sana. Niliona haya kwa ajili yake hata kabla hajafungua kinywa.

"Ndugu yangu, naomba babai zako za sikukuu. Ila... watu wasijue."

"Chukua," akasema Tiaeke. Hakukunja hata uso.

Tukashuka shimoni kwake. Majani yalitufunika vichwa. Bwereti alipoona mashina yale, woga ukamtoka, mdomo ukarudi.

"Bwana we! Zinafanana kabisa na za baba. Nani kakufundisha?"

Tiaeke aliendelea kuchimbua udongo. "Baba yako."

"Acha utani."

"Alikuita mara ngapi, Bwereti? Ulisema jua kali, ulisema mgongo. Mwisho akaniita mimi. Alikuwa analia, maana siri ya ukoo wenu alikuwa anampa mtu baki."

Bwereti aliketi kwenye tope na nguo zake nzuri.  Babai hatukuchimba siku ile.

Jumapili baada ya ibada Bwereti alisimama tena kwenye mwaneaba, mahali pa ukoo wake.

"Babai zitatoka kwa Tiaeke," alisema.

"Na shimo la mzee?" akauliza Nei Taabia.

Watu wakaanza kucheka wakidhani ni mzaha mwingine wa Bwereti.

"Limekufa. Baba aliniita anifundishe, sikwenda. Akamfundisha Tiaeke."

Kicheko kilikatika. Dada yangu alijifunika uso kwa viganja. Tiaeke alikuwa anautazama mkeka tu.

Nei Taabia akasema taratibu, "Basi siku hiyo, wageni wakiuliza hizi ni babai za nani, Tiaeke ndiye atakayelitaja jina la mzee, si wewe."

"Ndiyo, mama," Bwereti akajibu, kwa sauti ambayo hata mimi niliyekaa karibu naye niliisikia kwa shida.