Masikio ya Mahindi

Jumatatu, 6 Oktoba 2003. Asubuhi ukungu, kuanzia saa sita mvua ya kunyesha na kuacha. Ndivyo nilivyoandika siku niliyoanza kazi Kitale, msaidizi wa Afisa wa Kilimo. Niliishia kidato cha pili, kwa hivyo nikikosea mambo ya kitaalamu mnisamehe.

Afisa alinipa bunda la karatasi za kuwasomea wakulima. "Hii imetoka juu, imetafsiriwa tayari. Wewe soma tu, usiongeze chumvi."

Upande wa Kitale nilisoma bila shida, maana wengi walikuwa wameona ile ya Kiingereza. Baadaye tukatumwa Bungoma, soko la Myanga. Nikasoma vilevile: "Ugonjwa wa kuoza masikio huletwa na mvua nyingi. Kata masikio yaliyooza, uyachome moto. Usiwape ng'ombe."

Watu wakatazamana.

"Bwana shamba, masikio ya nani?"

"Si ya Mzee Wafula!" mwingine akajibu, na soko lote likacheka.

Mzee Wafula hakuwepo, lakini sikio lake la kushoto lilitoa usaha miaka mingi na kila mtu alijua. Mkewe alikuwa amekaa mbele. Aliinuka, akafunga leso, akaenda zake. Afisa alinong'ona kwamba shamba la huyo mama ndilo aliloliona asubuhi limeharibika kuliko yote. Mahindi yalikuwa na kuvu nyekundu-nyekundu kwenye ncha. Kuvu hiyo ina sumu, na mama alikuwa ameshaanza kuvuna. Akiyapukuchua yote pamoja, mabovu yangechanganyika na mazima, na familia ingekula.

Tulimfuata jioni.

"Mmekuja kukata ya mzee?" akatupokea.

Mzee Wafula alikuwa mlangoni. "Wanasema nini?"

"Ati masikio yako ichomwe!"

"Moja ndio mbaya," mzee akasema. "Hiyo ingine waiache."

Hata mama alicheka, ingawa alijaribu kujizuia. Hapo Afisa akapata nafasi ya kueleza. Alisema Waingereza huita sikio "ear", na hindi zima likiwa kwenye bua pia huliita "ear". Zamani yalikuwa maneno mawili. Moja lilikuwa la sikio la kusikia. La pili lilitokana na kitu chenye ncha kali, kama zile nywele za ngano zinazochoma. Watu wakayatamka vizazi na vizazi mpaka yakafanana. Mtu mwenye kipaji cha kusikia muziki naye husemwa ana "ear". Aliyetafsiri karatasi simlaumu sana. Kamusi yake pengine ilianza na sikio la kichwani.

"Si mngesema mahindi imeoza, bas?" mama akasema.

Tukaketi naye kuchambua. Rundo la mabovu likazidi la mazima. Mama akalisukuma kwa mguu.

"Harafu nikishachoma hii, watoto watakula hiyo maneno mawili ya Kizungu?"

Afisa aliokota hindi jingine akaendelea kuchambua. Sidhani mama alikuwa anatutukana. Aliuliza jambo la haki.

Sasa nimestaafu, na vijana wa ugani huniuliza kazi yetu ilikuwa nini hasa. Mimi huwaambia ilikuwa kupeleka maneno, lakini sina hakika. Karatasi zangu zote nilifuta "masikio" nikaandika "mahindi", na Afisa hakunikataza. Kama zilisomwa vizuri zaidi baada ya hapo, siwezi kuapa. Mama Wafula angeweza kuyaosha yale mabovu na kuyapika tukishaondoka, na mtu asingejua. Wengine walifanya hivyo, nami sikuwahukumu, kwa kuwa ghala langu halikuwa tupu.

Yeye aliliwasha moto lile rundo la mabovu, akaingia jikoni, akatoa sufuria ya githeri ya maharagwe na mahindi yale yale iliyokuwa karibu kuiva, akaenda kuimwaga ndani ya moto. Jioni hiyo nyumba yake walikula viazi vitamu na chai ya strungi isiyo na maziwa, na sisi wawili tukapewa kimoja kimoja.