Vidonge Kumi na Sita

Fundi cherehani hakuwa na imani na kitu kimoja kimoja. Kila mshono aliupitisha mara mbili, mteja atake asitake, na suruali zake zilichakaa bila kufumuka. Basi jongo lilipomvimbisha kidole gumba cha mguu wa kulia, mguu unaokanyaga pedali, na daktari akamwandikia kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, alimcheka kimoyomoyo. Kimoja kitashika nini? Alimeza viwili viwili, na maumivu yalipokaidi, akaongeza.

Siku ya pili tumbo likaanza kunguruma. Kufikia adhuhuri alikuwa ameharisha mara tisa, na mara ya tisa alitapika kabla hajaufikia mlango wa choo. Aliketi sakafuni, kijasho chembamba kikimtoka, akaogopa. Aliogopa hasa, kwa sababu alijua alichokifanya.

"Baba watoto, umekula nini?" mkewe aliuliza nje ya mlango.

"Maharage ya jana."

"Maharage tumekula wote. Mbona mimi mzima?"

Mkewe alimkokota hadi zahanati ya jirani, akiwa na cheti cha daktari.

"Baba, hizi dawa za jongo unamezaje?" muuguzi aliuliza, kalamu mkononi.

"Kama mlivyosema, dada. Kimoja asubuhi, kimoja jioni."

"Basi pole. Wengine huwasumbua tumbo kidogo. Nitakupa ya kuzuia kuharisha uende nyumbani. Za jongo endelea nazo."

Mkewe alishukuru, akaanza kukusanya kanga yake. Fundi akabaki amekodoa macho. Nyumbani! Mtu mzima aliyevalisha nusu ya mtaa, aseme hajui kuhesabu vidonge? Lakini tumbo lilimsokota tena, na mbele yake akaliona kaburi waziwazi. Mficha maradhi, kilio humfichua.

"Dada, ngoja. Nimedanganya. Nimemeza kumi na sita."

"Tangu lini?"

"Jana asubuhi."

Alijikunyata akingoja kukemewa, na laiti angekemewa. Muuguzi aliiacha kalamu ianguke, akatoka mbio akimwita daktari, sauti yake ikienda mbali kwenye korido.

Mkewe akamshika mkono ili amtulize, lakini aliubana hadi vidole vikamuuma.